Jiwe la Urmale

Haya alinisimulia Urmale mwenyewe, shoga yangu mkwangua ngozi, na si mwongo sana. Aliishiwa mawe ya kukwangulia, na ngozi ya ng'ombe aliyoletewa na watu ilikuwa inamngoja.

Jirani yake Kahano akamcheka. "Kwangua kwa chupa, mwenzangu! Shimo lile la kuchimbia mawe limeshafukia watu wawili."

"Chupa inachana ngozi. Wanangu wale nini, woga wako?"

Akaenda peke yake, akajipenyeza gizani. Tak, tak, tak. Mtu alikuwa humo ndani anachonga jiwe.

"We uliye humo, nisogezee nafasi!" akafoka. "Sitoki mikono mitupu!"

Mlio ukakoma. Akaingiza mkono kwenye ufa mlio ulikotoka, mwembamba wa kupita mkono tu, akapapasa. Jiwe likawekwa kiganjani mwake, limeshachongwa makali, bado lina joto la mkono.