Mahadhi ya Rafiki wa Dawati

Kila alasiri, baada ya kuosha vyombo, Chiriku aliingia chumbani kwa mjomba wake, mtunzi wa muziki wa filamu na wa maonyesho ya jukwaani. Mjomba alizima sauti ya filamu, akakodolea macho picha huku vidole vikitafuta kwenye kinanda.

Siku moja filamu ilionyesha mama akimsubiri mwanawe langoni mwa hospitali. Mjomba akajaribu hivi, akajaribu vile, wapi!

"Huyu mama ananishinda, mwanangu."

Chiriku akaimba mahadhi mafupi. Mjomba akageuka.

"We! Umeyatoa wapi hayo?"

"Nimetunga mwenyewe." Uongo ulimponyoka.

Yalikuwa ya rafiki yake wa dawati moja, aliyeyabuni kumbembelezea mdogo wake mama yao akiwa kazini.

"Jumamosi tunarekodi," mjomba alisema kwa furaha, "na jina lako litatokea mwisho wa filamu!"

 Tangu hapo, darasani Chiriku alikwepa macho ya rafiki yake. Alipopiga magoti kusali, maneno yalimkwama.

Jumamosi studio ilijaa wapiga ala. Fidla ya kwanza ilipolia tu, Chiriku akaangua kilio.

"Mjomba, waambie waache! Si yangu. Nimeiba."

"Haya, leo tunarudi nyumbani mapema," mpiga tarumbeta akanong'ona.

Mjomba hakufoka, na hilo lilimuuma Chiriku kuliko kofi.

"Twende kwa mwenyewe."

Rafiki aliwafungulia mlango, mtoto mgongoni. Chiriku akaeleza yote.

"Mwizi we! Ndiyo maana hunitazami siku hizi. Si ungeniomba tu?"

"Nisamehe."

 Mama wa rafiki akatoka jikoni, akifuta mikono.

"Dada," mjomba alisema, "tukiruhusiwa, jina litakuwa la binti yako. Tukikataliwa, nitatunga mengine."

"Muulize mwenyewe, kaka."

Binti akamtikisa mtoto taratibu. "Chukueni. Lakini wewe, Chiriku, bado nimekukasirikia."

"Ni haki yako," Chiriku akajibu.

Njiani mjomba alimshika bega. "Mtunzi husikia mengi ya watu, mwanangu. Ukitumia la mtu, omba, kisha mtaje. Ungenyamaza leo, ningeiba na mimi bila kujua. Kusema kweli kumekuaibisha mbele ya watu, lakini sasa unaweza kumtazama rafiki yako machoni. Jumatatu anza na hilo."