Mtu wa Kumi Darasani

Soko la Majengo siku ya Jumamosi si mahali pa kutafutia mchumba. Vumbi la Agosti linakuingia mpaka kwenye meno, watu wanasukumana kwenye marundo ya mitumba, huyu kashika sketi huku na yule kaing'ang'ania kule, na muuzaji kapanda juu ya meza anapiga makofi kama kaona mwezi. Asnath hakwenda kutafuta mchumba. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali, msichana wa miaka ishirini na minne, siku hiyo kavaa blauzi ya njano aliyoipiga pasi ikanyooka hasa, na nywele kasuka twende kilioni. Njaa ilimbana, akanunua karanga.

Alikuwa anatafuna za pili alipoitazama karatasi iliyozifungia. Hesabu! Tena hesabu za kidato cha tano, alizozitafuta mji mzima kwa wiki kadhaa bila kupata kitabu.

"Mama, kitabu chenyewe kiko wapi?"

"Kipi? Hiki cha kufungia?" Mama wa karanga akatoa chini ya meza kitabu kisicho na jalada, kimenyofolewa mbele. "Chukua tu, mwanangu. Ila karatasi ya mwisho kuchanika kachukua kaka huyo."

Kaka huyo alikuwa kijana mrefu, kavaa ovaroli ya bluu iliyotobolewatobolewa na cheche, mdomo umejaa.

"Samahani kaka, naomba karatasi yako."

"Na karanga zangu je?"

"Karanga kula. Karatasi naihitaji."

"Dada yangu, nimeombwa mengi katika mji huu, lakini takataka sijawahi." Akaikunjua kidogo, akaitazama, akakunja uso. "Haya madude unayasoma kwa hiari yako, au kuna mtu kakulaani?"

Asnath akacheka bila kupenda. "Kwa hiari. Mwezi ujao naanza masomo ya jioni kwa Mwalimu Bashiri. Nasoma EGM: uchumi, jiografia na hesabu."

"Ala! Na mimi nimejiandikisha huko huko. HGL, historia, jiografia na Kiingereza. Mimi na hesabu tulishaachana, tena talaka tatu." Akamimina karanga zote kiganjani, nusu zikamwagika chini, akampa karatasi. "Naitwa Noeli. Nachomelea mageti kule Kizota. Ila nitakuwa wakili."

Neno hilo la mwisho alilisema taratibu, kama mtu anayetarajia kuchekwa. Asnath hakumcheka, na hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Miaka ile, kama unaikumbuka, watu wazima walikuwa wanarudi shule kwa hofu. Serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi. Ofisini kwa akina Asnath kompyuta ya kwanza ilikuwa imeingia, ikawekwa pembeni, ikafunikwa kitambaa cheupe, na wapiga chapa walikuwa wanaipitia mbali.

"Hiyo ndiyo itakayotumeza," alisema Generosa, rafiki yake wa meza ya jirani. "Wewe subiri tu."

Asnath hakutaka kusubiri. Alitaka chuo, asome mipango na takwimu, awe anayeandika ripoti badala ya kuwa anayeichapa. Bila hesabu ya kidato cha sita mlango huo haufunguki, na yeye alilijua hilo hata usingizini. Kila barua yenye mhuri ilipoingia ofisini aliipitisha macho kwanza kutafuta jina lake.

Kilichompa nafuu ni simu. Noeli alikuwa anapiga kutoka karakana, mashine za kukatia chuma zinalia nyuma yake.

"Haloo, naomba kuongea na mchumi mkuu wa Dodoma."

"Noeli, bosi yupo," Asnath alinong'ona.

"Mwambie ni wakili wako. Vipi, mpenzi, umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Mimi nitakula nikikuona."

"Basi utakufa na njaa, leo nafanya kazi mpaka jioni."

"Ukatili huo! Nitakushtaki."

Generosa akawa anajifanya anachapa, kumbe masikio yote yako huku.

Lakini furaha ya maskini haidumu. Wiki moja kabla ya masomo kuanza, Mwalimu Bashiri, mwenye kituo, aliwakusanya watu wa EGM kwenye chumba chake cha nyuma. Mzee mpole lakini akisema kasema.

"HGL wamejaa mpaka madirishani. Ninyi mko tisa. Mwalimu William wa hesabu haji kufundisha watu tisa, tumeshapatana hivyo. Mkifika kumi ifikapo Ijumaa, nafungua darasa. Msipofika, hamieni HGL au rudini nyumbani."

Asnath alihangaika wiki nzima. Alimwomba Generosa. "Hesabu? Mimi hata michango ya kitchen party najumlisha nakosea!" Aliwaomba makarani, matarishi, hata binamu yake wa Mkonze aliyekuwa na mtoto mchanga mgongoni. Hakuna. Alhamisi alimpigia Noeli huku analia.

"Basi tena, Noeli. Mimi nitazeeka kwenye taipu, kama watanibakiza."

Kule upande wa pili Noeli aliwapigia kelele wenzake wazime mashine.

"Usilie, mama," alisema. "Mungu hamtupi mja wake."

Ijumaa jioni Asnath aliingia darasani, akahesabu vichwa. Kumi! Na kichwa cha kumi, kule nyuma, kilikuwa cha Noeli, kanyoa vizuri, kavaa shati jeupe la Jumapili.

"Wewe! Umefuata nini huku?"

"Nimebadili mawazo. Mawakili ni wengi mno. Haya mambo ya soko huria, bibie, yanataka wachumi."

Asnath alifurahi mno hata hakuuliza swali la pili. Mtu akipenda ni mwepesi kuamini kile kinachomfaa, na yeye alikuwa na sababu mbili za kuamini.

Miezi ikapita, furaha ikaanza kuingia ukungu. Noeli alikuwa anazama. Mwalimu William, mtu mwenye chaki nyuma ya sikio na maneno makali mdomoni, alikuwa akirudisha majaribio anamtaja yeye wa mwisho: "Bwana Noeli, wewe namba umezikosea nini?" Darasa lilicheka. Noeli naye alicheka, lakini Asnath aliona anavyoikunja karatasi yake mara nne. Akaanza kukosa vipindi. Akipigiwa karakana anasema kazi nyingi. Simu zikawa chache, mzaha ukaisha.

Halafu jioni moja, katumwa na ofisi mtaa wa Uhindini saa za vipindi vyao, Asnath akamwona mgahawani. Kakaa na Violeth wa HGL, yule dada wa gauni jekundu linalobana na hereni kubwa kama bangili. Vichwa vimekaribiana juu ya meza, Violeth anaeleza kitu kwa mikono miwili, na Noeli anamsikiliza kwa uso ambao Asnath hakuuona siku nyingi. Ulikuwa uso wa mtu mwenye furaha. Asnath akageuka akaondoka bila kumaliza alichotumwa.

Kesho yake simu ililia.

"Mpenzi, jana..."

"Jana nilikuona. Kumbe kazi nyingi ina hereni?"

"Asnath, si unavyofikiri."

"Basi niambie ni nini."

Mashine zikalia.

"Siwezi kukwambia sasa hivi," alisema Noeli.

"Basi usinipigie tena. Kaa naye huyo huyo." Akabamiza simu, akaenda kulia msalani ili bosi asimwone, na Generosa akamfuata na leso.

Zilikuwa siku mbaya. Darasani Noeli alikaa nyuma, akaangalia ubao, akaondoka wa kwanza. Ofisini wakatangaziwa kwamba wapiga chapa watakaobaki ni wawili tu, na anayetaka kuondoka kwa hiari ajitokeze. Hakuna aliyejitokeza. Shangazi yake, aliyekuwa akiishi naye Mkonze, alimtazama akisukuma mlenda pembeni ya sahani, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, unakonda kwa hesabu au kwa mwanaume?"

"Kwa vyote, shangazi."

Ilikuwa karibu mwisho wa kujiandikisha mtihani pale Violeth mwenyewe alipoingia ofisini, hereni zinacheza. Generosa aliacha kuchapa kabisa.

"Dada, shikamoo yako sina, maana tu rika moja," alianza Violeth. "Nimechoka kutazamwa kwa jicho baya. Huyo mtu wako si mhuni, ni mjinga tu. Anachukua kwangu noti za historia."

"Historia ya nini? Yeye anasoma EGM."

"Anasoma EGM! Unamwamini? Mtu aliyekariri mkutano wa Berlin wote kwa sauti pale mgahawani mpaka mhudumu akatunyamazisha? Alikuja kwenu ili mfike kumi. Alidhani atasoma HGL kimyakimya pembeni. Sasa majina ya mtihani yanakwenda, Mwalimu Bashiri kamwambia achague moja, na amechagua yenu. Amenikataza kukwambia. Mimi nimeshindwa."

Asnath aliomba ruhusa, hata hakumbuki alisema anaumwa nini, akaenda Kizota. Njiani alitegemea kwamba atalia na kumkumbatia. Alipofika na kumwona kapiga magoti mbele ya geti, kavaa miwani yake myeusi ya kuchomelea, kilichompanda ni hasira.

"Nani alikutuma?"

Noeli akavua miwani. "Violeth kakwambia."

"Nimekuuliza, nani alikutuma? Mimi nilikuomba uache uwakili wako?"

"Ulikuwa unalia kwenye simu, Asnath. Ningefanyaje?"

"Ungeniacha nilie! Utafeli, Noeli. Utafeli hesabu na hutakuwa wakili, na kila siku nikikutazama nitakuwa nakuona wewe wa geti na mimi wa chuo. Huo ni upendo gani wa kunibebesha mzigo bila kunishirikisha?"

Mafundi wenzake walizima mashine ili wasikie vizuri. Noeli akainamisha kichwa.

"Baba yangu walimchukulia shamba kule Zuzu," alisema kwa sauti ya chini. "Jirani mwenye uwezo. Mzee alisimama barazani kesi inasikilizwa, yeye wa Kigogo tu, Kiswahili chao cha kisheria kikamshinda, akakaa chini bila kusema kitu. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake. Ndiyo maana nilitaka sheria. Halafu nikakusikia wewe unasema utazeekea kwenye taipu, nikaona nikikuacha na wewe ukae chini, mimi ni mtu gani?"

Hasira ikamwisha Asnath, ikabaki hofu tupu. Maana alijua la kufanya, na alijua litamgharimu nini. Noeli akitoka wanabaki tisa. Wakibaki tisa, hakuna darasa.

"Vaa shati," alisema. "Twende kwa Mwalimu Bashiri."

"Asnath, fikiri kwanza."

"Nikifikiri nitaogopa. Twende."

Mwalimu Bashiri aliwasikiliza, akavua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu. Jioni ile ile akasimama mbele ya EGM akasema darasa limefungwa. Jamani, hapo ndipo Asnath alipoonja uchungu. Halfani, askari magereza aliyekuwa akija na baiskeli kutoka mbali, alisimama akamnyooshea kidole.

"Ungenyamaza tu wiki moja, majina yangekwenda, darasa lisingefungwa! Umetuponza wote kwa ajili ya bwana wako!"

Lilikuwa kweli, na Asnath alilijua. Aliwaomba radhi mmoja mmoja. Wengine walipokea, Halfani alichukua baiskeli yake akaondoka bila kuitazama mikono aliyonyooshewa. Mwalimu William ndiye aliyebaki nyuma akifuta ubao, na kwa mara ya kwanza maneno yake hayakuwa makali. Alimwambia kuna kituo Morogoro, anafundisha rafiki yake, EGM iko tele. Ila ni kukaa huko huko.

Noeli alimsubiri kwenye geti la kituo. Upepo ulikuwa unavuma, Asnath kajifunga khanga mabegani, macho yamevimba.

"Njoo HGL," Noeli alisema kwa haraka, kama mtu aliyeyafanyia mazoezi maneno. "Tusome wote. Historia nitakufundisha mwenyewe. Kuna ualimu, kuna ustawi wa jamii, kuna mambo mengi. Tutakuwa pamoja kila jioni. Na tuoane, Asnath. Sikutanii. Nikuoe."

Mungu wangu, ilikuwa tamu! Asnath alijiona kabisa kakaa kando yake kwenye benchi moja, miaka miwili, kisha nyumba, kisha watoto. Hakuna kwenda mbali, hakuna kulala ugenini. Lakini safari hii aliyekuwa anaombwa kuacha kitu alikuwa yeye.

"Wewe nimekukubali," alisema. "HGL nimeikataa."

"Maana yake nini?"

"Kesho najitokeza ofisini kupunguzwa kwa hiari. Watanipa kiinua mgongo changu, nitakwenda Morogoro kusoma hesabu zangu. Wewe utabaki hapa usome historia yako mpaka uimalize."

"Miaka miwili, Asnath? Na ukifika huko ukanisahau?"

"Na wewe hapa ukiwa na mwenye hereni?" Alitaka iwe mzaha, sauti ikamkatika katikati. "Naogopa, Noeli. Usifikiri siogopi. Ndiyo maana nataka uje na wazee wako kwa shangazi kabla sijaondoka. Nataka niende nikiwa mchumba wa mtu."

Noeli alimshika mikono yote miwili, akaiachia, akaishika tena.

"Nije lini?"

"Jumapili."

"Jumapili hii hii?"

"Hii hii," alisema Asnath. "Na mwambie baba yako ataongea yeye. Aongee Kigogo, shangazi atamwelewa."