Kilomita Mia Saba za Mchora Ramani

Duka la uchapaji lilikuwa limefurika watu Jumamosi ile, na mwalimu wa jiografia, ndani ya gauni la njano lililonyooka kwa pasi, alikuwa amesimama kaunta na ramani ya dunia mkononi, akifoka.

"Nani ameivuta dunia hivi? Mabara yamerefuka kama soksi zilizoanikwa na maji yake!"

"Mimi, Mwalimu," akajibu mchora ramani wa duka, kijana mrefu mwenye wino hadi viwiko. "Maumbo yameharibika, nakiri. Lakini ukubwa ni wa haki. Kila nchi imepewa eneo lake, hakuna iliyopunjwa."

"Kwa hiyo sura mbaya niivumilie?"

"Ya ramani, au yangu?"

Mwalimu alicheka bila kupenda. Akaondoka na ramani, na namba ya simu ya mchoraji. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Haikupita miezi sita shule nzima ilikuwa inajua.

Kisha mchora ramani akapata kazi ya upimaji katika mji wa kaskazini.

"Tufunge ndoa, laazizi, twende wote," alimwambia. "Au nitangulie?"

"Ni mbali?"

"Kilomita mia saba ukinyoosha. Nitakuja kila mwisho wa mwezi."

Mwalimu akamwambia atangulie. Alimpenda, ila aliogopa kuiacha kazi yake, na hofu hiyo hakumwambia mtu. Siku mbili kabla ya safari, darasa likiwa tupu, alichukua rula akapima kwenye ile ramani ya dukani, ambayo sasa ilikuwa ukutani. Akapata karibu elfu moja. Akapima tena, ikawa ile ile.

Mtu anayepata riziki yake kwa vipimo atapunguzaje kilomita mia tatu? Anaficha nini huko? Simu iliita mara tatu asiipokee. Ya nne akapokea.

"Umenidanganya!"

"Nimekudanganya nini tena, mpenzi?"

"Ni kilomita elfu moja. Nimepima kwa rula."

"Kwenye ramani ipi?"

"Yako!"

Mchora ramani akashusha pumzi. "Ile haipimwi umbali, Mwalimu wangu. Ili kila eneo lipate haki yake, huku kwetu karibu na ikweta ilibidi nivute juu na chini, nibane pembeni. Umbali ukaharibika."

"Mbona hukusema?"

"Ningeanzaje kumfundisha mwalimu wa jiografia?"

"Ulimi wako huo!" Akakata simu.

Akalishusha tufe la dunia kutoka kabatini, akanyoosha uzi kutoka mji hadi mji. Mia saba. Alipaswa kufurahi, lakini machozi yakamtoka, naye akajishangaa. Elfu moja imemkasirisha, mia saba inamliza. Basi alitaka nini? Alikaa juu ya dawati muda mrefu bila kujielewa, halafu akapiga simu.

"Nisamehe. Ni mia saba kweli."

"Nashukuru. Sasa umetulia?"

"Hapana."

"Makubwa haya! Kwani wewe unataka kilomita ngapi?"

Jibu likamtoka lenyewe.

"Sifuri. Naogopa kuacha kazi yangu, sijui nitaanzia wapi huko, sijui chochote. Lakini hebu uliza tena lile swali."

Mchora ramani akauliza, na safari hii Mwalimu hakumwambia atangulie.