Pera Mbele ya Kamera

Kila asubuhi, akienda shule, Fausta alipita uani kwa Mama Adela, jirani yao wa mtaa wa Msamala, akachuma pera moja na kulitia mfukoni. Mapera yale yalikuwa mekundu ndani, na mtaani kote hapakuwa na mengine ya namna hiyo. Kuomba hakuomba. Mti umejaa vile, nani angejua?

Siku moja hakuwahi kulila. Kabla ya mapumziko, Mjomba Polikarp alikuja kumchukua darasani.

"Twende mjini. Baba yako anataka kukuona," alisema.

Fausta aliogopa sana. Baba yake alikuwa India, alikopelekwa kupasuliwa moyo. Angemwonaje? Tena alikumbuka jinsi Derick wa darasa la sita alivyochukuliwa vilevile. Aliambiwa baba yake anaumwa kidogo tu, akafika nyumbani akakuta turubai limekwisha kufungwa. Watu wazima hawasemi msiba njiani. Na jana Shangazi Kunegunda alifika ghafla kutoka Madaba. Kila Fausta alipoingia jikoni, Shangazi na Mama waliacha kunong'ona.

Mjomba alimpeleka kwenye duka la intaneti lililofunguliwa karibuni. Mama na Shangazi walikuwa wameketi mbele ya kompyuta yenye kamera ndogo juu yake. Kwenye kioo alionekana Baba, amekonda, yuko kitandani.

"Fausta, mwanangu," sauti ilisema. Midomo ilifunguka baadaye, kisha picha ikaganda.

"Shikamoo, Baba."

Kimya. Baba gani haitikii shikamoo ya mwanawe?

"Hii ni kanda!" Fausta alipiga kelele. "Mlimrekodi kabla hajafa. Mnanidanganya!"

"Siyo kanda, mdogo wangu," alisema Iddi, mwenye duka. "Sauti na picha vinapanda hadi kwenye setilaiti, ndipo vinashuka India. Njia yetu bado nyembamba. Sauti ni nyepesi, inatangulia. Picha ni nzito, inakwama. Zamani hata hiki hatukuwa nacho. Ipo siku mtaongea kama mmeketi mkeka mmoja."

Maneno hayo hayakumwingia Fausta. Kanda haina macho, aliwaza. Alitoa pera lake, akaling'ata, akalisogeza mbele ya kamera.

"Nimeshika nini, Baba?"

Picha haikutikisika. Mama alianza kulia. Fausta hakulishusha pera.

"Marahaba, mwanangu," sauti ilijibu hatimaye. Ikakatika, ikarudi. "Hilo pera jekundu ni la Mama Adela! Ulimwomba?"

Fausta alicheka huku machozi yakimtoka. Hakuna kanda ambayo ingeuliza swali lile. Huyo alikuwa Baba mwenyewe, yuko hai.

"Sikumwomba, Baba."

"Basi leo ukamwombe radhi. Nikirudi nitamuuliza!"

Walipotoka nje, Mama alimshika mkono.

"Baba yako alipata homa, upasuaji ukaahirishwa. Tulikuficha ili usiogope, kumbe kunong'ona kwetu ndiko kulikokuogopesha. Tumekosa. Nawe, mwanangu, ukiwa na shaka usikae nayo moyoni. Uliza, upime, kama ulivyofanya leo. Ila anayetaka kuambiwa ukweli naye awe mkweli, hata kwa pera moja."

Jioni ile Fausta hakupita uani. Alikwenda mlangoni kwa Mama Adela, akapiga hodi.