Wimbo wa Kuaga Haukuwamo

Jua lilikuwa linazama. Nilikuwa nimebakiza pindo la sketi moja tu nifunge duka, ndipo shoga yangu msusi aliponitumia nyimbo zake.

"Nimezipanga wiki nzima," alisema kwenye ujumbe wa sauti. "Sikiliza kwa mfuatano, usiruke hata mmoja. Halafu niambie ukweli, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Nilicheka. Tena nilifurahi, maana tangu amzike mumewe, dereva wa lori, hakuwa akiwasha hata redio. Nikaiweka simu juu ya meza ya cherehani, nikaendelea kushona huku nasikiliza.

Kupanga alijua, sikatai. Alianza na wimbo uliokuwa ukipigwa siku walipokutana. Ukafuata wa uchumba. Kisha wa harusi, ule nilioucheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka. Kila wimbo ulimpokea mwenzake kama watu wanaopokezana mzigo.

Kati ya wimbo na wimbo palikuwa na kimya kidogo.

Na ndani ya kimya kile... chwa. Chwa.

Funguo. Mtu anatembea huku anazichezea kidoleni, kama alivyozoea marehemu.

Nikasema moyoni, shoga kazidisha mbwembwe, karekodi mpaka funguo za mumewe. Wimbo mwingine ukaisha. Chwa, chwa, chwa. Safari hii karibu zaidi. Na duka langu, ambalo halijawahi kunuka kitu zaidi ya vitambaa vipya, likaanza kunuka dizeli.

Nikazima. Nikampigia.

"Nyimbo nzuri, shoga. Ila hayo mafunguo yananitia baridi. Yatoe."

"Na wewe umeyasikia?" alinong'ona. "Mimi sikuweka funguo zozote. Nilitaka kujua kama... kama ni kichwa changu tu."

Nyuma ya sauti yake, kwenye simu ileile... chwa.

"Nani yuko hapo kwako?"

"Mganga aliniambia nizipange nyimbo zetu tangu siku ya kwanza. Nizipige kila magharibi, atakuja." Akameza mate. "Yuko uani."

Sikumbuki kama nilifunga duka. Nyumba yake iko mtaa wa nyuma, unakunja kona moja tu. Nilipita mlango wa mbele, nikamkuta ameketi sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye mlango wa uani. Mifupa ya shingo ilikuwa imemtoka. Sote tulidhani ni majonzi. Simu ilikuwa mapajani mwake, inaimba. Wimbo wa mwisho ukaisha, ule wa kwanza ukaanza upya.

"Haya, niambie," akasema, bila kuniangalia. "Mpangilio ukoje?"

Alitaka ukweli. Nikampa.

"Hauna mwisho. Umekutana naye, umeolewa, ameanza safari za lori, halafu unarudi mwanzo. Wimbo tuliomzika nao uko wapi?"

"Nikiuweka ataondoka."

"Na usipouweka?"

Upande wa pili wa mlango, funguo zilikuwa zimetulia.

Kitasa kikashuka. Taratibu.

Kikapanda.

Dizeli ikanijaa kooni. Kisha sauti ikasema, chini kabisa, usawa wa kizingiti, kama ya mtu aliyelala kifudifudi.

"Mke wangu... fungua. Nimechoka."

Shoga akanyoosha mkono kwenye komeo. Nikamdaka. Akaniuma, akaniuma kwelikweli, lakini sikumwachia. Kwa mkono mwingine nikaipokonya simu, vidole vinateleza kwa jasho, nikautafuta ule wimbo wa mazishi. Nikaubonyeza.

"Usimfukuze!" akalia. "Sina mwingine!"

"Una mimi."

Nikamkumbatia pale sakafuni kama mtoto mwenye homa. Mlango ukagongwa mara moja, kwa nguvu, vumbi likatuangukia kutoka juu. Kisha kukawa na kukwaruza. Wimbo ukaendelea. Ulipofika ubeti wa mwisho, shoga mwenyewe akafungua kinywa, kamasi na machozi vikimtiririka.

"Nenda, mume wangu," akasema. "Nenda salama."

Funguo zikalia tena. Zikavuka ua. Zikafifia.

Kimya.

Usiku ule nilimchukua kwangu, na hajarudi kule tena. Anakula, amerudisha mwili, anasuka wateja barazani na kuwatania kama zamani. Simu ile alifuta nyimbo zote mbele yangu. Nikamshukuru Mungu, nikasema yamekwisha.

Juzi jioni alikuwa ananisaidia kupiga pasi sare za watu. Akasita, pasi mkononi.

"Hivi siku ile," akauliza kwa sauti ya chini, "wewe ulisikia wangapi wakija?"

"Mmoja. Mumeo."

Akalikunja shati alilokuwa akipiga polepole, akaisawazisha kola kwa kiganja.

"Mimi nilisikia wawili," akasema. "Aliyeondoka ni mmoja."

Nilitaka kumuuliza huyo wa pili alibaki wapi, au alimfuata nani kati yetu. Nikachukua shati jingine, nikampa, naye akaendelea kupiga pasi.

Sijamuuliza mpaka leo. Nyumba yangu ina vyumba viwili tu.