Chemchemi Iliyohamia Kwenye Droo

Waliosimuliwa wakae kando. Mimi nilikuwepo, nimeyaona yote kwa macho haya mawili, na moja kati yake ni zima kabisa.

Katibu wa kamati ya msitu alifungua ofisi asubuhi akakuta droo ya ramani inavuja. Paa lilikuwa zima, bomba halijawahi kufika. Akapangusa, akatania kwamba siku hizi hata mbao zinatokwa jasho.

Kesho yake droo ilinuka majani mabichi, na ndani yake chura akalia.

Katibu hakucheka tena, maana ramani ile aliitaka yeye. Ukoo wao uliutunza msitu tangu enzi za mababu, lakini bila hati, na kampuni ya mbao ilishaegesha matrekta. Wakubwa wa ardhi walitaka ramani yenye kila kitu. Mjomba wake, mtunza chemchemi, ndiye pekee aliyejua jini wa maji anakaa wapi. Sharti lilikuwa moja: mahali pake pasionyeshwe mtu. Katibu alimbembeleza miezi mitatu. Mjomba akaonyesha, mpima ardhi akatia nukta ya buluu, nakala tano zikapigwa muhuri.

Sasa akamwita Mjomba. Mzee alifika na vumbi hadi magotini, akasema chemchemi imekauka, hata tope hakuna.

"Tumrudishe jini basi, Mjomba. Tuipeleke ramani kule kule."

"Sema naye wewe. Ni mgeni wako."

Katibu akainama juu ya droo, akaomba kwa sauti ya chini kama anayembembeleza mtoto wa watu, na maji yakaanza kupanda, yakamwagika sakafuni, yakamzunguka vifundo vya miguu kwa ubaridi wa chini ya mwamba, mimi nikiwa mlangoni na mguu mmoja nje, harufu ya majani ikageuka ya kuoza, na sauti ya chura ikazidi kuwa nene, nene, hadi ikawa ya mtu:

"Mmeniweka kwenye karatasi tano. Unamwomba yupi kati yetu?"

Katibu akaichomoa ramani majini, akaomba kiberiti.

Nakala yao waliitia moto, ikagoma kuwaka. Zile nne zilikuwa kwenye makabati ya watu wasiowajua, zikivuja huko. Mwezi huohuo hati ikatoka, matrekta yakaondoka, msitu ukawa wao kisheria, kila mti. Na kila mti ukaanza kupukutika, ule mkubwa ukitangulia.

Jioni moja Mjomba alimkuta Katibu ameketi penye shimo kavu. Akamshika bega, akamwambia, "Usijilaumu, mwanangu."

Yote niliyosema nimeyaona, isipokuwa hilo la bega. Hilo nimelitia mwenyewe, kwa kumwonea huruma. Mjomba alimpita kama anayepita kisiki, na mpaka leo hajamsemesha.