Jua la Saa Tisa

Kama kuna mahali pabaya pa kukatikiwa na kamba ya mzigo wa nguo safi, ni pale kwenye geti la mjengo saa moja na nusu asubuhi. Malori ya kokoto yanaingia, mafundi wanasukumana, wauza chai wanaita wateja, pikipiki zinapita juu ya vidole vya watu. Hapo hapo ndipo kamba ya Dobi ilipokatika, na vizibao mia mbili vya njano vya mafundi, vimefuliwa, vimepigwa pasi, vikatawanyika vumbini.

"Mama yangu!" Dobi akapiga magoti.

Mkono wenye bangili nyembamba ukamletea vizibao kumi kwa mpigo. Mwenye mkono alikuwa mwanamke mrefu, kofia ngumu kichwani, kitambaa cha zambarau chini yake, ovaroli imekunjwa mpaka kwenye viwiko. Na alikuwa anacheka.

"Dada, unacheka nini kwenye msiba wa mwenzio?"

"Nacheka kwa sababu leo huchezi."

"Kucheza?"

"Unapoanika. Kwenye mashuka unatingisha mabega, ukifika kwenye soksi unazunguka mzima mzima. Nakuona kila siku." Akanyoosha kidole juu, juu kabisa, kwenye kibanda cha kreni. "Ofisi yangu ile pale."

Dobi alitamani ardhi ipasuke immeze. Badala yake akajikuta anaomba namba ya simu.

Mwanamke huyo mafundi walimwita Mawingu. Yeye ndiye aliyekuwa akipandisha nondo, zege na matofali, na kutoka kule juu aliliona jiji lote likikua kama unga uliotiwa hamira. Chini yake, upande wa magharibi, palikuwa na nyumba moja tu iliyobaki fupi, ya shangazi yake Dobi. Juu yake paa la zege, kamba kumi na mbili, tangi la maji, na kiti cha shangazi. Kila asubuhi bibi huyo alikaa hapo akiyaanika magoti yake pamoja na nguo, maana madaktari walishashindwa na magoti hayo, jua peke yake ndilo lililoyaweza.

Tusiseme uongo, mjengo ulimletea Dobi neema. Vizibao mia mbili kila wiki si mchezo! Wapangaji wapya wa maghorofa ya jirani walileta mashuka, bomba jipya lilitoa maji kutwa nzima, na Dobi akaajiri mama wawili wa kupiga pasi. Vumbi lilikuwepo, ndiyo, na nguo nyeupe alizifua mara mbili. Lakini saa saba ikifika, wakati wa mapumziko, simu ililia na vumbi lote likasahaulika.

"Mawingu wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe umeanika shati la bluu karibu na jeupe, litachuja."

"Ebo! Nimechumbia msimamizi?"

"Umemchumbia nani? Hujaniambia hata neno."

"Nakupenda. Haya, nimeshasema."

Kule juu, mtu mzima akafunika uso kwa kofia.

Wiki moja baadaye Dobi aliuliza swali dogo. "Mpenzi, hosteli ya wauguzi wanataka niwafulie mashuka yote, mwaka mzima. Kabla sijakubali, niambie, huo mjengo wenu una ghorofa ngapi? Usije ukaniziba jua."

Mawingu alikuwa ameiona michoro ya mjengo kwa macho yake. Alijua pia kwamba Dobi akiambiwa ukweli huo atahama, na akihama, saa saba haitakuwa na simu.

"Tisa," akasema.

Dobi akakubali kazi ya hosteli.

Siku zege la ghorofa ya kumi lilipomwagwa, shangazi alikuwa kwenye kiti chake, anahesabu kwa kidole. Akahesabu tena. "Mwanangu, hebu njoo. Au macho yangu yameanza?"

Macho yake yalikuwa mazima. Dobi akapiga simu mwenyewe, bila kusubiri saa saba.

"Kumi, Mawingu! Tumehesabu mara mbili. Na nondo bado zimechomoza!"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Nimechukua mashuka ya watu kwa neno lako!"

"Niliogopa utaondoka."

"Basi sasa ndiyo naondoka."

Akakata. Na hakupokea tena, ingawa simu ililia kila saa saba mpaka mama wa pasi wakaanza kumwonea huruma aliyekuwa anapiga.

Kivuli hakikuwa na haraka, lakini kilifika. Mwanzo kilikula kamba tatu, halafu saba, halafu paa zima mpaka saa sita. Mashuka yaliyozoea kukauka kabla ya chakula cha mchana yakawa yanakunjwa na ubichi. Hosteli wakayarudisha yakinuka uvundo, na wakasema wazi: yakirudi hivyo tena, kazi anapewa mwingine. Dobi akatafuta kiwanja kule lami inakoishia. Jua lipo tele, wateja hakuna. Mama wa pasi walikataa kumfuata, shangazi alikataa hata kusikia. Dobi akawa anaanika mabega yametulia, na Mawingu alipoyaona mabega hayo kutoka juu alilia kweli kweli, peke yake, hewani.

Mwisho wa mwezi, siku ya kuhama, ukakaribia. Dobi alikuwa anatia vibanio kwenye katoni siku vioo vilipoanza kupandishwa.

Vilikuwa vioo vikubwa, urefu wa mlango, vya upande wa magharibi. Mawingu alikipandisha cha kwanza saa tisa alasiri, na kilipokuwa kinaning'inia, kipande cha mwanga kikaruka kutoka kwenye mjengo, kikavuka barabara, kikatua kwenye paa la shangazi.

"Mawingu, mbona umesimama?" redio ikauliza. "Leta kushoto!"

"Naleta, naleta."

Hakumwambia mtu. Alingoja siku tatu, mpaka vioo arobaini vikae mahali pake. Siku ya nne, saa tisa na nusu, mafundi wakiwa kwenye chai, akapiga simu. Safari hii kwa shangazi.

"Shikamoo shangazi. Tafadhali usimpe simu. Shika lile shuka la karibu na tangi."

"Marahaba. Wewe mwongo ndiye unayenimulika machoni?"

"Ndiye mimi. Shuka likoje?"

Shangazi akanyanyuka, akalishika, akalifikicha. "Hee! Kaanika saa nane hii. Limekauka mpaka linakwaruza!" Akageuka. "Wewe! Acha vibanio. Chukua simu hii kabla sijakupiga nayo."

Dobi akaichukua. Akaiweka sikioni.

"Nisikilize," Mawingu akasema. "Asubuhi mjengo utakunyima, na magoti ya shangazi yatakosa joto lake la saa mbili. Hilo siwezi kulirekebisha, nisamehe. Lakini mchana jua likihamia magharibi, vioo vinalirudisha kwako. Unapata la juu na la pembeni. Fua asubuhi, anika saa saba. Upande wako vitakuwa vioo mia tatu."

Dobi akashika shuka, akashika la pili. Yote makavu. Kwa wiki tatu alikuwa amejifunza kuwa na hasira, na sasa hasira haikupatikana.

"Mawingu. Ghorofa ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Sema tena."

"Ishirini na mbili. Na tangi la maji juu."

Dobi akacheka mpaka akakaa juu ya katoni ya vibanio. "Unashuka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Ukishuka pita hapa. Uje na namba ya mjomba wako."

"Ya nini?"

"Nina mahari ya kumuuliza. Wewe sikuulizi, hesabu zako nazijua."

Sauti nyembamba ikasema, "Mjomba wangu ni mkali."

"Mkali kuliko shangazi?"

"Nani kasema mimi mkali?" shangazi akafoka. Alikuwa ameshakihamisha kiti chake upande wa mwanga, magoti mbele.

"Mawingu!" redio ikaita. "Chai imekwisha. Unalia?"

"Silii. Fungeni mzigo."

Lakini kabla hajagusa mtambo alichungulia chini. Dobi alikuwa anamwaga vibanio kutoka kwenye katoni. Akaanza na mashuka, mabega yakitingishika, akaenda kwenye mashati. Mawingu akangoja. Redio ikamwita tena na tena, naye akangoja, mpaka Dobi akafika kwenye soksi.